Kipimo Chekundu Kwenye Mfuniko wa Tangi

Walisema pilipili hoho zisizogusa udongo zinamnywa anayezilima. Nililisikia neno hilo kwa fundi cherehani, nimekaa kwenye benchi nasubiri sketi yangu ipunguzwe kiuno, na aliyelileta ni jirani yetu ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Mimi sisemi, nimeambiwa," alisema Redio, na mtu akianza hivyo ujue anasema. "Kuna kijana mmoja huko kwa kina shemeji yangu, alikuwa mnene wa kupendeza. Akaanza hizo hoho za kwenye maji. Sasa mmea hauna udongo, utashika nini? Ukamshika yeye. Msimu wa pili ulipofika alikuwa kama ufito."

Fundi cherehani alicheka mpaka akakosea mshono. "Redio, hiyo habari umeitia chumvi."

"Chumvi gani? Muulize Mama Presha hapo, binti yake si anazo?"

Mama Presha ni mimi. Jina nimepewa na watoto wangu mwenyewe, na si kwa ugonjwa, ni kwa sababu mtu akichelewa kurudi mimi nimeshamzika. Nilicheka na wenzangu, nikachukua sketi yangu, nikaenda zangu nyumbani. Lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikila lipo, nikifua lipo.

Naandika haya kwa mzazi mwenzangu ambaye mtoto wake amemwambia anataka kulima bila udongo. Mimi niliishia shule ya msingi, mambo ya kitaalamu sitayaweza. Nitakuandikia yaliyotupata, wewe utachukua la kukufaa.

Binti yangu ni kitinda mimba. Alisomea kilimo kwenye chuo cha ufundi kilicho nyuma ya mtaa wetu, na alipomaliza mwalimu wake akampa banda dogo la nailoni alime hoho misimu miwili, wa baridi na wa joto. Misimu yote miwili ikimridhisha, angemkabidhi banda kubwa na kumchukua awe msaidizi wake wa kufundisha. Ukiharibika hata mmoja, basi. Na hiyo basi tulikuwa tunaijua sura yake. Shangazi yake anayeishi nchi ya mbali alishamtafutia kazi ya kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na sanduku alishamtumia. Lilikaa juu ya kabati chumbani kwake, jipya, la magurudumu, bado limevaa nailoni yake.

Kaka yake mkubwa nilishamsindikiza kituoni na sanduku kama hilo. Anapiga simu, mtoto mzuri, hajatusahau. Ila siku hizi anaongea kama mtu aliyesimama nje ya mlango, anauliza hali, anaaga. Sikutaka kusindikiza mwingine. Kwa hiyo hoho zile nilikuwa siziamini, na bado kila nikiamka naziombea.

Ngoja nikuonyeshe banda lilivyokuwa. Mifuko myeupe imepangwa kwa mistari, ndani yake kuna makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi hayana chakula chochote, kazi yake ni kuushika mmea usianguke. Kila mfuko una bomba jembamba kama mrija wa soda, linaudondoshea maji kutoka tangi la bluu lililokaa kwenye kona. Chakula chote cha mmea kimo ndani ya maji hayo. Kinakuja kama chumvichumvi za aina mbili, binti yangu aliziita A na B. A unaikoroga kwenye maji mengi kwanza, ndipo unaleta B. Ukizikutanisha zikiwa nzito zinagandana kama maziwa yaliyokatika. Maji yanayozidi yanatokea chini ya mfuko na kwenda kwenye mfereji.

"Kwa hiyo huu mmea unaishi kwa dripu," nilimwambia siku ya kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Kama mgonjwa."

"Kama mgonjwa anayezaa," akasema, akaendelea na kazi yake.

Alikuwa pia na kalamu nene ya kupimia. Unaichovya kwenye maji, inakuonyesha namba. Namba ikipanda, maji ni mazito, yamebeba chakula kingi. Ikishuka, maji ni mepesi. Mimi nilimwambia huo ndio ulimi wa mmea, akasema mama umepata.

Msimu wa baridi ulianza vibaya. Mawingu yalikaa juu ya mtaa kama kifuniko, nguo hazikauki, na hoho zikaanza kupauka majani. Hapo ndipo mume wangu alipoingia.

Mume wangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na watu bado wanamwita Mpishi. Amepikia watoto wa watu miaka mingi bila mizani, kwa macho na mwiko. Baada ya kustaafu alikuwa anazunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo, anafunua sufuria zangu na kugeuza mboga ambazo hajaambiwa azigeuze. Banda lile lilimponya, nami nikapumua jikoni kwangu.

"Hawa wana njaa," alisema akiwa ameshika jani. "Mtoto akipauka hivi, unamzidishia uji, na unaufanya mzito."

Binti yangu hakumbishia, wala hakumfuata hivihivi. Alienda kumuuliza mwalimu wake, naye akamwambia baba yako kapatia. Kwenye baridi na mawingu mmea hunywa kidogo, kwa hiyo kila funda lazima libebe chakula zaidi. Wakaongeza nguvu ya maji polepole, wakipima na ile kalamu, mpaka namba ikafika pale mwalimu alipotaka. Majani yakarudi kijani, hoho zikatoka nene, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mwalimu akaja, akabonyeza moja, akaondoka anaitafuna mbichi. Msimu mmoja ukawa umepita.

Kwa furaha, Mpishi akatafuta rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti. Akaandika juu ya mfuniko wa tangi, kwa herufi za kuonekana kutoka mlangoni, vijiko vingapi vya A na vingapi vya B. Chini yake akaandika KIPIMO CHA USHINDI.

"Sasa hata nisipokuwepo mtapika," alisema.

Tukampigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Naomba ukikumbuke kipimo hicho. Hakikuwa kibaya, kilikuwa sahihi kabisa. Kilikuwa sahihi kwa baridi.

Joto lilikuja kwa kishindo. Miche mipya ilikuwa imeshika vizuri, imefika kiunoni na kuanza kubeba, ndipo jua likaanza kuwaka mpaka mabati ya jirani yanalia. Ndani ya banda ukiingia mchana miwani inaingia ukungu. Na hoho zikaanza kulegea. Asubuhi zimesimama, mchana zimeinamisha majani kama watu waliopewa habari mbaya, jioni zimesimama tena.

Binti yangu aliyakoroga maji kama mfuniko ulivyosema. Ile kalamu ilikuwa imeisha betri, hakuona haraka ya kuishughulikia, kipimo si kipo pale kimeandikwa kwa rangi? Na Mpishi kila akiona majani yameinama anasema wana njaa tena. Tangi likipungua analijaza maji na kijiko chake cha A na B, halafu anaongeza kingine cha juu, kama alivyokuwa akiwaongezea wanafunzi wembamba. Alifanya kwa mapenzi. Nimeishi na mtu huyu, najua hajui kumpa mtu chakula kidogo.

Mimi haya yote nilikuwa siyajui. Nilichokuwa naona ni binti yangu. Alikuwa anakonda. Mashavu yalishuka, midomo ikapasuka, vidole vikawa vimekauka na kuingia nyufa nyeupe. Akirudi nyumbani anasukuma sahani mbele, anasema ameshiba, na najua ameshiba wasiwasi. Nilimtazama mezani, nikamsikia Redio: msimu wa pili ulipofika alikuwa kama ufito.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Mpishi angenicheka mwezi mzima. Nikaanza kwenda bandani kila mchana na chakula kwenye bakuli, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, najifanya napumzika. Nilikuwa nalinda. Nalinda nini, sijui. Nilikuwa natazama ile mimea kama unavyomtazama mgeni uliyeambiwa ana mkono mwepesi.

"Mama, mbona siku hizi unakuja kila siku?" aliniuliza.

"Nyumbani kuna joto."

"Na humu je?"

"Humu kuna joto lenye mtu wa kuongea naye. Kunywa maji."

Mtu akikaa kwenye ndoo mchana baada ya mchana bila kazi, macho yanaanza kufanya kazi yenyewe. Nikaona pale bomba linapodondoshea kwenye mfuko pameota ukoko mweupe. Nikaona mfuko wa pili nao, wa tatu nao. Ukoko huohuo ulikuwa kwenye ukingo wa mfereji, na kwenye kamba za viatu vya binti yangu, na kwenye zile nyufa za vidole. Nikasema ndio huu, ndio unaomla mtoto wangu.

Halafu nikainua jani moja na kuona hoho iliyo chini yake. Juu nzuri, kijani, mabega mapana. Kitakoni ilikuwa na doa la kahawia, limebonyea, limekauka kama ngozi ya kiatu. Nikainua jani jingine. Vilevile.

"Hizi zimeanza lini?" nilimuuliza.

Binti yangu alijifuta uso kwa kiwiko. "Kabla hujaanza kuleta bakuli," alisema. "Nilikuwa nazikata kabla baba hajaja. Nikidhani zitaisha."

"Na mwalimu?"

"Atakuja kukagua wiki ijayo."

Sote wawili tulikuwa tumeliona lile sanduku.

Kama vile haikutosha, siku ile Redio alikuwa anapita nyuma ya chuo na kapu lake, akachungulia kwenye nailoni iliyochanika. Aliona hoho zilizokatwa zimelala kwenye karai, vitako vyenye doa juu. "Mimi nilisema," alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa pole msibani, akaenda zake. Nilijua kabla hajafika kwa fundi cherehani habari itakuwa imeota miguu.

Nilikwangua ule ukoko kwa kucha, nikaufunga kwenye kipande cha nailoni, nikaupeleka nyumbani. Mpishi alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwekea mbele.

"Hii ndiyo sumu inayomkausha mwanao. Na leo nataka tuseme ukweli kuhusu zile hoho."

Akaufungua. Akautazama, akaunusa, na kabla sijamshika mkono akaugusa kwa ulimi, maana mpishi hana njia nyingine ya kujua kitu. Akakunja uso, akaenda kusukutua, akarudi.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi ya nini?"

"Sijui ya nini. Lakini hiki ni kitu kama kile kinachobaki pembeni ya sufuria, supu ikichemka mpaka imekauka. Maji yanaondoka, chumvi haiendi popote."

Aliposema hivyo alisimama na ungo mkononi. Na mimi nilisimama. Sijui nani kati yetu alifika kwanza, lakini sote tulikuwa tumeona tangi, na joto, na supu inayochemka mpaka inakauka.

"Baba watoto," nilisema, "wewe huwa unalijazia tangi maji matupu, au maji na vijiko?"

"Na vijiko."

"Vya kwenye mfuniko?"

Akaweka ungo chini. "Na kimoja cha juu," akasema.

Tulirudi bandani yeye akiwa mbele, na mtu huyu huwa hatembei haraka. Njiani alikumbuka kalamu haina betri, akarudi nyumbani, akatoa zile betri ndogo za duara kwenye kitabu cha mjukuu wetu, kile kinachoimba ukikibonyeza, na tangu hapo nyumba yetu ina utulivu ambao nashukuru pia. Binti yangu alipotuona tunaingia pamoja alidhani kuna msiba.

"Pima," Mpishi alimwambia.

Akapima maji ya tangi. Namba ilikuwa juu ya ile ya msimu wa baridi, mbali kidogo. Kisha akachukua kikombe, akakinga maji yanayotoka chini ya mfuko, akachovya kalamu. Aliitazama, akaipangusa kwenye sketi, akachovya tena. Namba ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya tangi.

Alikaa kwenye ndoo yangu.

"Hazina njaa, baba," alisema. "Zina kiu. Kwenye joto zinakunywa maji mengi, zinaiacha chumvi kwenye makumbi. Kesho tunaleta maji mazito tena, nazo zinaiacha tena. Sasa mizizi imekaa kwenye chumvi tupu, haiwezi kuvuta. Maji yasipofika vizuri, na ile kalsiamu inayosafiri nayo haifiki, na anayekosa kwanza ni wa mwisho kwenye foleni."

"Kitako cha tunda," nilisema.

"Kitako cha tunda. Kwenye baridi walihitaji uji mzito. Sasa walitaka mwepesi, na mara nyingi. Mimi nimesomeshwa hili kabisa, mama. Nimelifanyia mtihani. Nikauamini mfuniko."

Mpishi alikuwa ametazama herufi zake nyekundu. "Watu wanalia kiu," alisema taratibu, "mimi nawapa mchuzi wa chumvi. Na kuwaongezea."

Binti yangu ndiye aliyesema: "Baba, Redio hutia chumvi kwenye habari, wewe umetia kwenye tangi. Yeye angalau hakaushi mmea."

Hapo Mpishi akacheka, cheko la pua tu, lakini akacheka. Na mimi nikalazimika kueleza habari ya kijana aliyekuwa kama ufito, na kwa nini nimekuwa nikikaa kwenye ndoo. Walinicheka wote wawili, na sikuumia hata kidogo, maana binti yangu alikuwa hajacheka tangu joto lianze.

Tulianza kazi palepale. Waliyamwaga maji ya tangi, wakalisugua. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijashika, tulipitisha maji matupu kwenye mifuko yote, polepole, huku binti yangu akikinga na kupima mpaka namba ya chini ikakaribiana na ya juu. Kisha akakoroga chakula kipya, chepesi, kidogo sana kuliko cha baridi. Pampu inayosukuma maji kwenye mabomba akaipanga iwake mara nyingi kwa muda mfupi. Tukakunja nailoni za pembeni hewa ipite, na mashuka yangu mawili ya zamani yakapanda juu ya paa upande wa jua la mchana mpaka alipopata neti ya kivuli.

Kazi iliyomuuma ilikuwa kuchuma. Kila hoho yenye doa ilibidi itoke, maana doa haliponi, na mmea ulikuwa unapoteza nguvu kuibeba. Tulichuma tukijaza makarai. Tulipomaliza, banda lilikuwa limebaki majani na maua na vitunda vidogo kama kucha. Lilikuwa limenyolewa. Na mwalimu alikuwa anakuja.

"Tumwambie ni wadudu," alisema Mpishi. "Wadudu kila mtu anawajua."

"Atauliza wadudu gani," nilisema.

"Nitamtafutia mmoja."

Binti yangu akamwambia, "Baba, acha."

Mwalimu ni mtu mrefu asiyependa maneno. Aliingia, akainama chini ya neti, akatembea mstari mzima. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli, sijui nilikuwa nimeleta chakula cha nani. Akauliza, "Matunda yako wapi?"

Binti yangu alimweleza yote. Mfuniko, kalamu isiyo na betri, vijiko vya kujazia, ukoko. Aliposema neno "baba" sauti ilimkatika kidogo, na Mpishi akasogea mbele, akasema, "Kile cha juu kilikuwa changu, mwalimu. Mtoto hakujua." Kisha akaonyesha mfuniko. Alikuwa ameukwangua kwa kisu cha jikoni, zimebaki alama za waridi tu.

Mwalimu alichukua kikombe, akakinga maji chini ya mfuko, akachovya kalamu yake mwenyewe. Akafanya hivyo kwenye mfuko wa mbali pia. Akainua jani, akatazama kitunda kimoja kitakoni. Akasema, "Nitarudi hivi vikikua." Akaondoka.

Sitaandika jinsi nilivyosubiri, jina langu unalijua. Nitasema tu kwamba kila mchana nilikuwa kwenye ndoo yangu, nainua majani, natazama vitako. Mimea bado ililegea kidogo jua likiwa kali, lakini haikulala tena. Ukoko haukurudi. Na binti yangu nilimwekea chupa ya maji kiunoni kwa kamba, kama unavyomfunga mtoto asipotee, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba aliyekuwa anamkausha ni yeye mwenyewe. Alikuwa anashinda kwenye tanuri lile bila funda, roho juu, akiwaza sanduku. Alipoanza kunywa na kula mashavu yakarudi. Zile nyufa za vidole ziliisha alipoanza kuvaa glavu.

Vitunda vikawa ngumi za mtoto, halafu ngumi za mtu mzima. Vitako safi, vinang'aa. Hazikuwa nyingi kama za baridi, wala hazikuwa kubwa vile, na mavuno ya kwanza yalishapotea hayarudi. Mwalimu alipokuja alichuma moja, akaipasua, akaitazama ndani.

"Mwakani nitakuwa na wanafunzi darasa zima," alimwambia binti yangu, "na karibu wote watafanya kosa hilihili. Watakariri namba moja na kuitumia mwaka mzima. Nataka awepo mtu wa kulishtukia mapema." Akatoa ufunguo wa banda kubwa mfukoni, akaufuta kwenye suruali, akampa. Hoho aliitafuna akiondoka.

Nilikaa kwenye ndoo nikalia. Mpishi akaniambia, "Mama Presha, furaha nayo unailia?" Nikamwambia aniache, hii ni ya kwangu.

Sanduku bado lipo. Shangazi mtu alisema tusilirudishe. Lilivuliwa nailoni yake, sasa limekaa kwenye banda kubwa, linatunza glavu, mikasi, na betri za akiba. Nikiliona pale nashukuru Mungu, kisha namshukuru binti yangu kwa kutotafuta mdudu wa kusingizia, na Mpishi kwa ulimi wake, ingawa nimemkataza.

Na Redio nilienda kumshukuru kwa mguu wangu. Nilimpelekea bakuli la hoho, nyekundu na kijani. Alilipokea kwa vidole viwili.

"Si ndizo zile?"

"Ndizo."

"Na binti yako?"

"Amenenepa. Hoho zimekataa kumnywa, zimesema ana maneno mengi."

Alinitazama aone kama natania. Nikamwambia ukweli: usingesema lile neno, nisingekwenda kukaa bandani, na nisingekaa bandani, nisingeuona ukoko. Ulisema uongo, lakini ulinipeleka kwenye ukweli kwa gari lako bovu. Redio akaing'ata hoho moja pembeni, akatafuna.

"Mimi sikusema," alisema. "Niliambiwa."

Sasa wewe mzazi mwenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usitumie kipimo cha baridi wakati wa joto, wala cha joto wakati wa baridi. Msimu ukigeuka, uliza na upime upya.

Usiandike kipimo kwa rangi.

Usidhani kila jani lililolegea lina njaa. Mchana wa jua, dhani kiu kwanza.

Usijazie tangi lililopungua kwa maji mazito kipindi cha joto. Pima, mara nyingi linataka maji matupu.

Usipime maji yanayoingia tu. Kinga na yanayotoka.

Usingoje kununua betri.

Usikutanishe A na B zikiwa nzito.

Usione ukoko mweupe ukadhani ni vumbi.

Usiache tunda lenye doa kitakoni kwa huruma. Litoe.

Usionje, hata kama umekuwa mpishi. Na usishike zile chumvi bila glavu.

Usimwache mtoto ashinde kwenye banda bila maji ya kunywa.

Usimwambie mwalimu ni wadudu.

Na ukisikia uvumi juu ya mwanao, usiumeze na usiucheke. Chukua ndoo, nenda ukakae, utazame.